Siku Tisa za Kipande cha Nta

Benchi lililo nje ya kibanda cha Fundi Redio lina miguu mitatu na tofali moja, na asubuhi ile lilibeba watu watatu na hasira ya watu thelathini. Hansadi, muuza mitumba anayekumbuka maneno ya kila mtu isipokuwa ya kwake, alikuwa ameshika kikombe cha kahawa kama rungu. Spana, fundi wa magari, alikuwa na grisi hadi masikioni. Fundi Redio mwenyewe aliketi katikati. Ndani, kwenye droo ya koleo na nyaya, kulikuwa na kipande cha nta kisichozidi kucha ya dole gumba, na ndani ya nta hiyo nyama iliyokatwa kwenye uvimbe wa shingo ya mdogo wake. Saratani ya mitoki, zile tezi za kinga ya mwili, walisema hospitali, ya aina adimu na yenye mbio. Wakamkabidhi kaka mtu kile kipande na barua, akipeleke maabara kubwa, mwendo wa saa nzima kwa basi, kikapimwe vinasaba. Hiyo ilikuwa siku tisa zilizopita.

— Vinasaba vya nini? Hansadi akafoka. Mtu anaumwa shingo, wao wanamuuliza ukoo!

— Haba na haba hujaza kibaba, Spana akadakia. Leo kipande, kesho watamtaka mzima!

— Saratani ni saratani, Hansadi akasema. Si wampe dawa tu?

— Walimpa, Fundi Redio akasema taratibu. Uvimbe ulinywea, halafu ukarudi na wenzake. Daktari kasema askari wa mwili wake wameasi. Wanataka kujua ni kinasaba gani kimegeuka humo, waone kama ipo dawa ya kulenga palepale.

— Kulenga! Hansadi akageukia barabara kama anahutubia. Dawa ina shabaha tangu lini? Mimi nikimeza kidonge cha kichwa, hakiniulizi kichwa kiko wapi!

— Wanakwenda kuuza hao, Spana akasema. Damu nzito kuliko maji, ndiyo maana bei yake iko juu.

— Kuuza ni afadhali. Wanakwenda kutengeneza mtu mwingine kama yeye! Utasikia kaposa huko kwa sura ya mdogo wako.

— Na shemeji ampokee yupi? Spana akauliza.

Wakaangua kicheko. Fundi Redio naye akacheka, akiutazama mlango wa kibanda. Yeye hakuwa akiogopa wauza damu. Neno vinasaba alikuwa amelisikia mara moja tu kabla ya hapo, alipopimwa mtoto wa jirani na ndoa ikavunjika kabla ya adhuhuri. Na marehemu mama yake, siku tatu kabla ya kukata roho, alimnong'oneza jambo kuhusu baba wa huyu mdogo, akamwapisha asilitoe. Basi kila asubuhi alisali, akafungua droo, akaifunga. Alijiambia anatunza kiapo. Jina la kweli la kiapo hicho lilikuwa woga, na Mungu alilijua, akawa anangoja yeye mwenyewe alitamke.

Akaja mgonjwa, polepole, skafu shingoni, suruali ikimpwaya.

— Shikamooni. Kaka, nimetoka kliniki. Wanasema maabara hawajakiona kipande changu. Kimepotelea njiani?

Hansadi akachungulia kikombe chake. Spana akajifuta grisi isiyofutika.

— Kipo ndani, Fundi Redio akasema.

— Ndani wapi?

— Kwenye droo.

— Siku tisa? Kaka! Redio ya mtu hugusi waya mpaka uipime umeme kwa mita. Mimi umenilaza na koleo?

— Tulikuwa tunakulinda, mdogo wetu, Hansadi akaingilia. Usipoziba ufa...

— Anza na huo wa mdomoni!

— Nisamehe, kaka mtu akasema, na sauti ikamtoka kama ya mtoto. Nilimwapia mama. Mambo ya baba yako. Niliogopa vinasaba vitasema.

Mdogo mtu akaigusa skafu yake.

— Wanapima uvimbe, kaka. Kilichogeuka kimegeukia humohumo kwenye uvimbe, hakuna baba anayetafutwa. Nimemuuliza daktari mara tatu. Tena habari hiyo ninayo tangu darasa la nne. Mtaa mzima unayo.

Spana akakohoa. Fundi Redio akamgeukia, akaona kwamba ni kweli.

— Sasa niambieni, watu wazima watatu, mgonjwa akasema. Ningekufa, hiyo siri mngekuwa mnamficha nani?

Muuza kahawa akapita na birika lake. Hakuna aliyenyoosha kikombe.

Fundi Redio akaingia ndani, akatoka na kipande kwenye kitambaa safi, na barua.

— Nipe, nakibeba mwenyewe, mdogo wake akasema. Wewe nishike mkono. Hatua zangu siku hizi ni fupi, na basi halingoji.