Goti la Madam Orpah na Mjadala wa Ijumaa

Ijumaa tarehe 30 Januari 2026, Madam Orpah Bochaberi Monari atafunga dirisha la usajili la Hospitali ya Misheni ya Mwangaza hapa Rodi Kopany, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kamati ya sherehe ilitaka wasifu mfupi, mtulivu na usio na ubishi. Basi walikosea mtu. Mimi ni Byron Mwikwabe wa idara ya uhasibu, na tangu niajiriwe hapa nimekuwa nikibishana na Madam Orpah kuhusu bima ya afya.

Aliajiriwa mwaka 1994 kama karani katika zahanati yetu ya Ntimaru. Alifika akiwa na begi moja, Biblia ya Ekegusii, na Kikuria sufuri. Haukupita muda kabla hajaanza kuwasalimu wazee kwa majina ya marika yao, na wazee wakawa wanamrekebisha huku wakicheka. Mimi ni mzaliwa wa huko, kwa hivyo nina haki ya kusema kwamba lafudhi yake bado ni ya Kisii kabisa. Mwaka 2003 alihamishiwa hapa makao makuu, akajifunza na Dholuo, na mwishowe akawa mkuu wa usajili na bima.

Wengi wetu tunamkumbuka kwa beseni. Mashine za alama za vidole zilipoanza kutumika, kwanza za kampuni za bima na baadaye za bima ya umma, ziligoma kuwatambua nusu ya wagonjwa wetu. Vidole vya wanaoanika dagaa wa omena na vya wanaochuma tumbaku vimelainika kwa kazi hadi mashine haioni kitu. Mama mmoja mwuza samaki kutoka Homa Bay alibonyeza kidole mpaka akachoka, kisha akauliza kwa sauti ambayo laini nzima ilisikia, "Nyathina, mwanangu, hii mashine inanikataa, kwani mimi si mtu?" Madam Orpah aliinuka kitini. Alienda jikoni, akarudi na maji ya vuguvugu ndani ya beseni, sabuni na Vaselini, akaosha vidole vya yule mama taratibu huku akimuuliza habari za wajukuu. Mashine ikakubali. Tangu siku hiyo beseni halijawahi kutoka chini ya dirisha lake, na hata walimu wenye kadi za kampuni, ambao chaki imewafanyia yaleyale, wameoshewa vidole humo humo.

Sasa tuje kwenye mjadala wenyewe. Kila Ijumaa saa kumi, chai ya kantini ikimiminwa, tulianza. Msimamo wangu haujabadilika. Kampuni za bima hulipa kwa wakati, hujibu simu, na bila kadi zao hospitali hii isingekuwa na mashine ya picha wala jenereta inayowaka. Bima ya umma ni wazo zuri ambalo hutuchelewesha. Madam Orpah alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho, anapuliza chai yake, kisha anasema, "Byron, hiyo kadi yako iko na macho mazuri sana, lakini inaona payslip peke yake." Halafu wanacheka wote, na mimi nachukuliwa kama nimeshindwa ilhali sijajibiwa hoja hata moja. Hoja yake ikibanwa kwelikweli, alitazama dirishani, akatangaza kwamba jua linashuka na Sabato inakaribia, akaondoka. Hakuna mtu aliyewahi kumshinda mjadala Sabato ikiwa imekaribia.

Bodi ilipopendekeza jengo jipya liwe la wenye kadi za kampuni tu, na lango lake lenyewe, mimi niliunga mkono na Madam Orpah akapinga mbele ya wafanyakazi wote. Alisimama akasema hana shida na vyumba vyenye mapazia, mtu akitaka pazia apewe pazia, ila yeye hatakaa kwenye dirisha linalouliza kadi kabla ya kuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Ndiyo maana leo tuna vyumba vya aina mbili na lango moja. Kibiashara bado naona tulikosea. Lakini lango hilo moja ndilo ninaloingilia kila asubuhi, na sijasikia mgonjwa akililalamikia.

Jambo ambalo halimo katika faili lake ni goti la kulia. Limekuwa likimsumbua kwa miaka, na daktari wetu wa mifupa alishasema kitambo kwamba dawa yake ni upasuaji. Akiwa mfanyakazi, Madam Orpah alikuwa na kadi ya kampuni kama sisi sote, na kadi hiyo ingelipia. Hakwenda. Kwanza ilikuwa maharagwe hayajavunwa. Kisha kambi ya kanisa ya Agosti. Kisha mahafali ya binti yake, Mourine. Ukweli, na ameniruhusu kuusema, ni kwamba anaogopa kisu. Mwanamke aliyewasindikiza mamia ya watu mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, akiwashika mkono na kuwaambia ni kitu kidogo tu, yeye mwenyewe akiupita mlango huo huongeza mwendo, goti bovu na yote.

Mwaka jana ulipokuwa ukielekea kwisha tukagundua kwamba kadi ya kazi ingekoma siku moja na ajira, na daktari wa mifupa hangekuwa na nafasi kabla ya hapo. Kamati ya zawadi, chini ya Nesi Eucabeth, ilikuwa imepanga kununua tangi la maji kama kawaida yetu. Mimi nikasimama kifua mbele. Nikasema tangi atanunua mtu yeyote, sisi tumnunulie bima ya kampuni ya wastaafu ili goti litengenezwe kwa heshima, tena chumba chenye pazia. Wakapiga makofi, wakanituma mimi mwenyewe mjini Homa Bay.

Ajenti wa kwanza aliuliza umri, akafunga kitabu chake kwa adabu. Wa pili alifurahi kumpokea Madam Orpah mzima mzima, ila goti lisiwemo, kwa sababu lilikuwa bovu kabla ya kujiunga. Nilimweleza kwamba goti ndilo lililonileta. Akanielewa vizuri, akaniongezea chai, na goti likabaki nje. Nilirudi Rodi nikiwa na kijitabu chenye picha za wazee wanaotabasamu. Niliona aibu, na niliona hasira zaidi, maana nilikuwa nimewatetea hawa watu kila Ijumaa kama ndugu zangu.

Madam Orpah hakunicheka. Hilo lilinitisha kuliko kama angecheka. Alisema tu, "Pole, Byron. Umetembea jua kali." Kisha Milka, aliyefundishwa naye na ambaye ndiye atakayeshika dirisha lile, akamkalisha upande wa wagonjwa, akamwosha vidole kwenye beseni, na kuomba kibali cha upasuaji kupitia bima ya umma, ambayo Madam Orpah alijisajili mapema wakati sisi wengine tukisubiri kusukumwa.

Kibali kikachelewa. Mtandao ulikuja na kuondoka, ombi likarudishwa, Milka akalituma upya, siku zikaenda. Nilikuwa nimeshasema maneno haya haya kila Ijumaa, na sasa yalikuwa yakitimia mbele ya macho yangu. Sikufurahi hata kidogo. Nilipita dirishani kwa Milka asubuhi na jioni, nikimwona Madam Orpah akipanda ngazi tatu za ofisi kwa kushika ukuta, na kwa mara ya kwanza katika ubishi wetu nilikuwa naomba Mungu nishindwe.

Nilishindwa Jumatano iliyopita, kabla ya chakula cha mchana. Milka alipiga kelele mpaka maabara wakatoka nje wakidhani kuna moto. Goti limekubaliwa, lote, pamoja na umri wake na ubovu wake. Tulikimbia kumwambia mwenye goti. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Sasa mmenimaliza. Sina tena mahali pa kujificha." Ndipo akalia, na Nesi Eucabeth akalia, na mimi nikakumbuka kwamba nina kazi uhasibuni.

Upasuaji ni Jumanne ijayo, katika hospitali yetu hii, na siku hiyo Madam Orpah hatakuwa mfanyakazi wetu tena. Atakuwa mgonjwa aliyeingia langoni kama wengine. Zawadi imebadilika pia. Fundi wa hapa Rodi anamalizia kiti kirefu chenye mikono imara, ili asilazimike kukunja goti jipya, na tumemwambia atie mto.

Madam Orpah, kwa niaba ya Rodi na Ntimaru, asante. Umetufundisha kazi, umetufundisha subira, na umetufundisha kwamba mtu anaweza kupingana na mwenzake miaka mingi bila kumnyima kikombe cha chai. Tunakuombea siku nyingi za furaha, shamba lenye rutuba, na magoti mawili mazima ya kukufikisha huko. Mimi sijabadilisha msimamo, na siku utakayotembea bila fimbo nitakuja nyumbani tuendelee. Ila Jumanne nitakuwa nje ya mlango ule unaouogopa, na watakaponiruhusu nitakuja kando ya kitanda. Ukifumbua macho, usianze na habari za bima. Niite tu jina langu, nijue umerudi.