Barua ya Dada Niliyoificha Chini ya Msasa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mimi, niliyelitaja jina lake wiki baada ya wiki huku nikimdanganya dada yangu. Nilisoma mpaka darasa la nane tu, na ninaandika polepole. Lakini nikisimama mbele yenu huwa nafupisha, na jambo hili nimelifupisha vya kutosha.

Mimi ni Mutinda wa mtaa wa Jericho. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, ambaye miguu yake huvimba hata hawezi kufika sokoni, dada yangu Mwende, na mimi. Mwende alisomea sheria. Alifanya kazi kwa wakili mmoja mjini, akiwaandikia barua watu waliokimbia vita kwao na kukamatwa huku kwetu kwa kukosa karatasi. Jioni alirudi na hasira. "Namwandikia mtu barua nzuri, Mutinda, na bado anapakiwa kwenye lori anarudishwa mpakani! Kuna sheria juu ya mambo haya, na mimi siijui vizuri." Basi akaomba nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo, asomee shahada ya pili, ya sheria za uhamiaji.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi si mtu wa maneno. Tangu utotoni dada ndiye alikuwa kinywa changu. Nikitumwa dukani nikarudi mikono mitupu kwa kuona haya, yeye alikwenda. Mama akiugua, yeye ndiye aliyesema na daktari. Hata kazi yangu ya kupiga msasa vinyago aliniombea yeye, mimi nimesimama nyuma yake kimya.

Nyumba yetu haina sanduku la posta. Barua zetu zilipitia sanduku la karakana ya vinyago ninakofanya kazi, na kila Ijumaa mimi ndiye niliyetumwa kuzichukua. Ijumaa moja nikakuta bahasha nene yenye jina la dada, na stempu ina kichwa cha malkia. Sikuifungua. Unene wake ulinitosha, maana anayekataliwa haandikiwi karatasi nyingi hivyo. Nikasimama palepale posta na bahasha mkononi. Nikaiona nyumba bila yeye, na mama mikononi mwangu, mtu nisiyeweza hata kuuliza bei ya chumvi.

Nikaificha chini ya makaratasi ya msasa, ndani ya kasha ninalokalia kazini. Nilijiambia ni kwa siku mbili tu.

Jioni ile dada akauliza kabla sijavua viatu. "Leo je?"

"Hakuna."

"Uliingiza mkono mpaka ndani? Barua nyingine hulala nyuma."

"Mpaka ndani, dada."

Kila Ijumaa swali lile, jibu lile. Baadaye akaacha kuuliza, akawa anaitazama mikono yangu tu. Chakula kikamshinda. Alikuwa amenunua koti zito la mtumba kwa ajili ya baridi ya huko. Siku moja akamfunika mama nalo miguuni. "Hawanitaki," akasema. "Wangenitaka wangeshaandika."

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, ndugu zangu! Neno moja lingemwinua, nami sikulisema. Kutwa niliikalia ile barua. Nilimpiga msasa twiga mmoja mpaka shingo ikawa nyembamba ikavunjika. Nilimwomba Mungu aiteketeze karakana. Nilifika mahali pa kutamani nisingezaliwa.

Na kila Jumatano nilikuja ushirika. Mnaijua desturi yetu: aliyemkosea mtu huenda kwanza akatengeneze naye, ndipo asimame kumsifu Bwana. Mimi nilisimama nikasema, "Nimeokoka, nampenda Yesu," nikakaa. Nanyi mkaimba. Mliimba juu ya uongo wangu!

Ni Ndugu Musyoka, dereva wa lori, aliyenishika mlangoni. Utani wake mnaujua. "Mutinda, ushuhuda wako ni sauti moja tu kama honi ya lori langu! Tangu uokoke hujakosa hata kidogo? Basi njoo utuwekee mikono sisi wenye dhambi." Watu wakacheka. Nikacheka nami, nikashindwa kuacha, na kicheko kikageuka kilio. Musyoka akaacha mzaha. "Ndugu yangu, usiniambie mimi. Nenda kwa mwenyewe."

Nikaenda karakana nikaitoa bahasha, imejaa vumbi la mbao. Njia nzima niliomba jambo moja tu: Bwana, nipe kinywa nifike mwisho. Nilimkuta dada akimkanda mama miguu. Nikasema, "Dada, hii ilikuja zamani. Niliificha. Niliogopa kubaki." Nikaeleza yote nikimtazama usoni. Huo ndio ukombozi wangu, ndugu zangu, na sikuwa na mwingine siku ile.

Aliisoma amesimama. Walikuwa wamempa nafasi. Fomu ilitakiwa irudi kabla ya mwisho wa mwezi, na mwezi ulikuwa umepita kwa siku kumi na moja. Hakunipiga. Heri angenipiga. Alisema, "Wale ninaowaandikia barua wanazuiwa na watu wasiowajua. Mimi nimezuiwa na mdogo wangu wa tumbo moja." Akatoka nje. Mama akageukia ukuta.

Siwezi kuwaambia kwamba Mungu alizirudisha zile siku kumi na moja. Dada alituma faksi, na chuo kikajibu kwamba nafasi imejaa, watampokea mwaka unaofuata. Mwaka mzima tulikula meza moja, akiniambia maneno ya lazima tu. Nilipomwomba msamaha tena, alisema, "Mdomo umeshasamehe, Mutinda. Moyo unakuja kwa miguu."

Mwezi uliopita alisafiri ng'ambo, akajiandikisha chuoni. Nilichokiogopa kimenipata. Ninaamka nikiwa na hofu, na mama ananitegemea mimi. Lakini ninamshukuru Bwana, maana hofu hii ya sasa naweza kumwonyesha, na ile ya kwanza nilimficha hata yeye.

Wewe uliyemzuilia mwenzako njia yake, nenda kwake leo. Huenda usirudishiwe ulichoharibu. Mtumaini Bwana hata hivyo, yeye hakukimbii. Nami nawaomba mumwombee dada yangu Mwende. Moyo wake bado uko njiani.