Bwana Alinibeba Ndani ya Boti, Juu ya Kamyo

Tumsifu Yesu Kristu, ndugu zangu! Mmeitikia kama watu ambao hawajakunywa chai. Tumsifu Yesu Kristu! Haya, sasa nimeisikia Butembo. Wanaonifahamu wanajua mimi si mtu wa kusimama mbele. Mimi ni shofere, dereva wa malori. Shofere huongea na kamyo yake, na siku nyingine huitukana. Lakini leo nisiposhuhudia nitapasuka. Na mke wangu, yule pale mwenye kitambaa cha manjano, amesema nisiposimama mimi atasimama yeye, na yeye ataeleza hata yale ya chumbani.

Naitwa Paluku, ila wengi mnaniita Papa Kavira kwa jina la binti yetu wa kwanza. Kwa miaka mingi niliendesha kati ya Butembo na Beni. Nilibeba viazi vya Kipese, nilibeba maharagwe ya Luofu, mbao, saruji, hata harusi nzima pamoja na wapiga ngoma wake. Hakuna kona niliyoiogopa. Nilikuwa na majivuno, ndugu zangu! Nilipiga honi hata mahali pasipo na mtu, ili miti ijue kwamba Paluku amepita.

Kisha siku moja, mchana kweupe, tukakuta risasi barabarani. Sitaeleza mengi, maana kila nyumba hapa ina habari yake. Nililala kwenye majani, uso udongoni. Kamyo na mzigo vikaungua, mimi na kijana wangu wa kamyo tukatoka wazima, bila hata mkwaruzo. Watu walikuja nyumbani kunipa pole na pongezi, mke wangu akapika kuku, nikacheka nao na nikala vizuri.

Kesho yake patroni, mwenye magari, akanipa kamyo nyingine. Nikaingia, nikaweka ufunguo mahali pake, mkono ukakataa kuuzungusha. Ulitetemeka kama wa mtu mwenye malaria. Nikasema ni uchovu, nitajaribu kesho. Kesho ikawa vilevile, na juma lililofuata vilevile, mpaka nikaacha kujaribu. Baadaye hata mlango wa parseli, wa ua wetu, ulinishinda. Pikipiki ikilipua moshi barabarani, mimi niko chini ya meza. Mwanaume mwenye ndevu, chini ya meza! Watoto wakazoea. Siku moja nilimsikia Kavira akimwambia mgeni, "Papa iko anatafuta kitu yake pale chini." Niliona aibu kubwa sana.

Mliniombea, sisahau. Kikundi chetu cha sala kilikuja nyumbani, mkaniwekea mikono, mkalia pamoja nami. Mlipoondoka nilikwenda mpaka mlangoni, nikaushika, nikarudi kitandani. Nilimwambia Mungu, "Bwana, mbona umenitoa kwenye risasi ukaniacha chini ya meza?" Nilitaka aniguse mara moja tu, kama mtu anavyowasha taa. Lakini kumbe Mungu alikuwa ameanza kazi huko Beni, nyuma ya nyumba ya mama yangu!

Mama anakaa Bungulu, mtaa wa huko Beni. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na boti ya aluminium ya marehemu baba. Baba alizaliwa Kyavinyonge, kando ya ziwa Edouard, na boti hiyo aliipata kwa mzungu mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao. Likizo zote za utoto wangu tulishuka ziwani, familia nzima, tukavua samaki kwa furaha tu, si kwa biashara. Baba alipofariki, boti ikaletwa Beni. Na mama, asiyetupa kitu, akaifanya mtumbwi wa kukamulia ndizi! Naona mnacheka, Wanande wenzangu, kwa sababu mnajua. Kasiksi, pombe ya ndizi, ya sherehe nyingi za Bungulu ilikanyagwa ndani ya boti ya baba yangu.

Basi mama akapiga simu. "Paluku, ile bwato ya baba yako imetoboka. Kasiksi inamwangika chini, kuku zinalewa. Kuya uikamate, ama nitaipatia bale banayeyushaka masufuria."

Mnazijua zile sufuria nzito zinazoyeyushwa hapa kwetu. Niliiona boti ya baba imekuwa sufuria za bugali, imetawanyika jikoni kwa watu. Nilitaka kwenda siku ileile! Lakini kwenda Beni ni kupita barabara ileile. Niliketi kitandani nikalia kama mtoto, simu mkononi.

Mke wangu akaichukua simu mkononi mwangu. Alimpigia Hassani. Hassani ni Mwislamu wa Beni, msafirishaji, tulijifunza udereva pamoja. Baada ya siku chache kamyo yake ikasimama mlangoni kwetu, boti juu, na yeye mwenyewe amekasirika kweli.

"Papa Kavira, pokea mzigo yako! Kwa kila barrière basoda bananusa, banasema niko mulevi. Miye! Hassani!"

Nikawaona wanajeshi vizuizini wakimnusa Mwislamu asiyekunywa, kicheko kikanitoka, ndugu zangu. Sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa nimecheka vile.

Tukaiweka boti uani. Ilikuwa nyeusi, inanata, na nyuki wa mtaa mzima walikuja kuisalimia. Mke wangu akasema hakuna tatizo, sufuria ikichafuka dawa yake ni majivu. Nani kati yetu hakulelewa hivyo? Tukachanganya majivu na maji, tukaipaka boti yote unene wa kidole, ndani na nje, tukaifunika kwa majani ya migomba, tukaiacha siku kadhaa ilainike. Tulipoisugua iling'aa kama sufuria ya bibi harusi! Majirani wakapiga vigelegele. Kisha nikamimina maji ndani nione pa kuziba, na maji yakatoka chini kila mahali kama kwenye kichungio cha chai. Uchachu wa ndizi ulikuwa umeanza kuila aluminium, na majivu yetu yakamaliza kazi. Kwa mikono yetu wenyewe, kwa usafi wetu!

Mke wangu alishika kichwa, mimi nikaketi chini. Huko nje ya ukuta watu walikuwa wananiita Nuhu. Butembo ni mlima mtupu, na mtu anayetengeneza boti mlimani mtamwitaje? "Nuhu, mvua lini?" "Nuhu, mbuzi wangu utampa nafasi?" Siku ile jina hilo liliniuma. Nikasema basi, waje watu wa sufuria.

Lakini asubuhi nilijikuta nimeinama juu ya boti na chaki, nazungushia matundu. Sikuamua. Mikono ilikwenda yenyewe. Shofere wa barabara zetu ni fundi apende asipende, maana gari likifia porini hakuna wa kumwita. Nikakata viraka kwenye bati la aluminium la bodi ya kamyo mbovu, chini ya kila kiraka nikaweka mpira wa chambre à air, ule wa ndani ya tairi, ili maji yasipenye. Kilichobaki ni riveti. Nikawatuma watoto, wakaleta za chuma. Nikawarudisha, wakaleta nyembamba za kushonea mikanda. Nikashikwa na hasira, nikavaa viatu, nikatoka kwenda kuzitafuta mwenyewe. Nilifika kwa muuza vyuma, nikagombana naye, nikachagua zilizo sawa, nikarudi. Nimeingia uani, nakuta mke wangu amesimama na mikono mdomoni, machozi yanamtoka.

"Papa Kavira," akasema, "umetoka wapi?"

Ndipo nikajua kwamba nimetoka! Haleluya! Hasira ya riveti ilinipitisha mlango ambao sala zangu za machozi zilikuwa zinaugonga. Mungu wetu hana haya kutumia hata hasira ya fundi.

Tangu siku hiyo niligonga nyundo kila siku mpaka jioni, watoto wakinishikia chuma kwa upande wa pili. Tuliimba. Boti ikajazwa maji tena, nikapitisha kiganja changu chini yake, kikarudi kikavu. Mke wangu akacheza uani mpaka kitambaa kikamwanguka. Hassani akasema Jumamosi anatupeleka Kyavinyonge, familia yote.

Nanyi mnadhani ushuhuda umeisha. Hapana, ndugu zangu! Kwa muuza vyuma ni karibu. Ziwani ni safari, ni injini, ni barabara. Jumamosi ilipofika, boti ikapakiwa, watoto wakapanda na ndoano zao, na mimi nikasimama kwenye mlango wa parseli, miguu ikafa. Nikaushika mlango. Nikasema, "Muende tu. Miye nitabaki, nitalinda parseli."

Watoto wakaweka ndoano zao chini. Kavira alianza kushuka taratibu, amezoea. Hapo ndipo mama yangu, ambaye alikuwa amekuja kutoka Beni peke yake kwa barabara ileile ninayoiogopa, akamwomba Hassani amsukume. Akapanda kwenye kamyo, akaingia ndani ya boti, akaketi na rozari yake.

"Paluku," akasema, "miye niko muzee. Sina tena nguvu ya kungojea woga yako. Kama inataka kuya, ikuye nayo. Nafasi iko."

Ikuye nayo, woga uje nao! Nilikuwa nimengoja woga uondoke kwanza ndipo niende. Hakuna aliyewahi kuniambia naweza kwenda nao. Nikapanda huku natetemeka. Sikuweza kuketi mbele na Hassani, kioo cha mbele kilinitisha. Nikalala ndani ya boti, kichwa miguuni pa mama, naona mawingu tu. Injini ikawaka, nikapiga kelele. Mama akaanza Salamu Maria, mke wangu akaitika, watoto wakaitika, na mimi nikaitika meno yakigongana.

Tulipopita Kyondo, watu wa kule wakaona maajabu! Familia nzima inasali ndani ya boti, boti juu ya kamyo, kamyo juu ya mlima. Watoto wa njiani walikimbia nyuma yetu wakipiga makofi. Mahali fulani katikati ya matendo ya furaha ya rozari niliinua kichwa kidogo kuwaangalia. Kisha nikaketi. Tulipoanza kushuka na ziwa likaonekana lote chini yetu, nilikuwa nimesimama, nimeshika ukingo, nawaonyesha wanangu kwa babu yao.

Tukaomba ruhusa kwa wanaolinda ziwa, wakatuonyesha sehemu ambazo samaki huzalia tusizikaribie, na mvuvi mmoja wa pale akakubali kutuongoza tusiwakute viboko. Boti ikaingia majini, ikaelea! Hakuna tone! Kavira alivuta tilapia wa kwanza, akapiga kelele kana kwamba amevuta mamba. Mama alimshika samaki yule kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu kwa Kinande, "Wasingya, Nyamuhanga," akalia kidogo, akaomba tumkaange palepale ufukweni.

Sasa sikilizeni Mungu alivyo. Hassani, mtu wa milima, mawimbi yalimgeuza tumbo. Alishuka kwenye boti anayumba, akalala kwenye mchanga, amefumba macho. Jua linashuka, watoto wanatakiwa kulala nyumbani, na mwenye kamyo hawezi kusimama. Akaingiza mkono mfukoni, akanipa ufunguo bila kufungua macho.

"Papa Kavira, miye nimekufa. Peleka batoto."

Nikaingia. Mama akaketi kando yangu, Hassani akalazwa ndani ya boti huko nyuma. Nikaweka ufunguo mahali pake. Mkono ulitetemeka, ndugu zangu, sitawadanganya. Ulitetemeka, na ukauzungusha! Injini ikawaka, nikapandisha milima ile kona kwa kona, na nyuma yangu nikasikia watoto wangu wanaimba. Tulipofika Kyondo nilipiga honi bila sababu yoyote.

Sasa naendesha tena. Siku nyingine mkono bado unatetemeka, na mimi naenda nao. Asifiwe Bwana aliyenitoa! Asante kwenu mlioniombea, asante mke wangu, asante mama, asante Hassani, ambaye amekataa kabisa kurudi majini.

Namalizia na wewe, ndugu yangu uliyeketi pale karibu na mlango, mgongo ukutani, ili ikitokea kelele uwe wa kwanza kukimbia. Sitakutaja. Kiti hicho nakijua, nilikikalia muda mrefu. Hatutakuuliza kitu. Mtumaini Bwana hivyohivyo ulivyo. Jumamosi tunashuka ziwani, tutapita kwako asubuhi, na kamyo naiendesha mimi. Ukitetemeka, tutakushika.