Kinya wa Kiti cha Nyuma

Ebu niambie: ukiletewa cheti chenye jina la mamako, kimeandikwa kwamba amehitimu mafunzo ya biashara Ijumaa iliyopita, na wewe mwenyewe ulimzika Aprili, utakitundika wapi? Swali hilo ndilo lililokuwa kwenye benchi ya Kibibi muuza kahawa asubuhi hiyo, hapa Kanyakine, kando ya bucha ya Mahmood, ukungu wa Julai umeshuka hadi soko lenyewe halionekani, linasikika tu. Benchi ni ubao mmoja juu ya mawe mawili. Kithinji aliitengeneza Juni, alipochoka kunywa kahawa akiwa amesimama. Wanamwita Digrii kwa sababu anayo, ya Commerce, na hana kingine. Wiki nzima alikaa hapo akitazama wanafunzi wa biashara, wengine Wazungu, wengine wa Nairobi, wote tisheti za rangi ya machungwa, wakiingia ukumbi wa kanisa kufundisha mama mboga bure yale aliyoyasomea miaka minne. Alienda kuomba awasaidie. Wakamwambia nafasi za kujitolea zimejaa. Sasa vyeti vya wamama viliachwa kwa Kibibi, kila mmoja apitie achukue chake, na kimoja kikabaki. Cha Kinya. Mamake Kithinji.

— Hiyo ni makosa ya kompyuta, alisema Mahmood, ambaye kila mtu humwita Kilo. Wamechukua listi ya zamani kwa chifu. Kwa chifu hata babangu bado ni kijana.

— Listi gani, Kilo? Walikuwa wanaita register kila asubuhi, Kithinji akamjibu. Na kila asubuhi mtu alikuwa anasema yupo.

— Basi aliitikiwa, alisema Gikunda. Huyu alipima kahawa kiwandani miaka thelathini, na wanamwita Spika kwa sababu hakuna anayefunga mjadala ila yeye. Akaendelea: si mnajua kikundi cha hao wamama? Ukikosa mkutano, unaosha sufuria zote za harusi inayofuata. Kwa hivyo jina lako likiitwa na hauko, aliye karibu anasema yupo. Wamezoea. Marehemu aliitikiwa hivyo hata akiwa amelazwa.

Kibibi alikuwa anasuuza vikombe, mgongo umewageukia.

— Nimewauliza, Spika. Mmoja mmoja. Hakuna aliyeitikia. Kila mmoja alidhani ni mwenzake. Sauti ilikuwa inatoka nyuma, kiti cha karibu na mlango.

— Na hakuna aliyegeuka?

— Wewe ungegeuka?

Spika akanywa kahawa yake polepole, kama mtu aliyeulizwa kitu kingine.

— Mimi shida yangu ni hao wanafunzi, Kilo akasema. Vijana ishirini, wiki nzima, hapa mlangoni kwangu. Hakuna aliyenunua hata mfupa wa supu. Kuna mtu aliwaona wakila?

— Hawali nyama, buda.

— Wote ishirini, Digrii? Sikatai, nauliza tu.

— Tena wanakuja kila Julai, Spika akadakia. Nyuso mpya, lakini angalia tisheti. Ile yenye doa la wino begani, hii ni mara ya tatu naiona. Mwaka huu ilikuwa kwa msichana. Mwaka jana, kijana mrefu. Sasa niambie, ni watu wanavaa tisheti, ama ni tisheti zinatafuta watu?

Kithinji alicheka, lakini kicheko chake siku hizi hakina raha ndani.

— Wazee wangu, hiyo si uchawi. Hiyo ni ripoti. Donor, mwenye pesa zake, aliahidiwa wafanyabiashara hamsini, wakapatikana arobaini na tisa. Wa hamsini anatoka wapi? Kaburini. Maiti halalamiki, haulizi nauli, haulizi kwa nini mtoto wa second year anamfundisha kuuza sukuma wiki aliyoiuza kabla ya huyo mtoto kuzaliwa. Customer bora kabisa.

Alisema hivyo kwa ukali. Lakini kidole chake cha gumba kilikuwa kimebana nyuma ya cheti, mahali palipopigwa stepla.

— Digrii, Kibibi akasema bila kugeuka. Na hiyo karatasi ya pili?

Kithinji alikuwa ametumaini kwamba Kibibi hakuiona. Ilikuwa kazi ya siku ya tano, ile wanafunzi walimpa kila mtu ajaze kwa mkono wake: Mpango Wangu wa Biashara. Herufi zilikuwa zimelala upande wa kushoto, zote, kama mahindi baada ya mvua ya mawe. Mamake aliandika hivyo kwenye daftari za shule, kwenye barua, kwenye gunia za viazi.

Kithinji akasoma kwa sauti.

— Biashara: miche ya parachichi. Mahali: nyuma ya nyumba, pale maji ya bafu yanatokea.

— Hiyo mtu yeyote anaweza kujua, alisema Kilo.

— Aliniambia hospitalini, siku mbili kabla hajafariki. Tulikuwa wawili. Na mimi sijamwambia mtu, kwa sababu sijapanda hata mmoja.

Ng'ambo ya ukungu mtu alikuwa anaita wanunuzi wa ndizi.

— Changamoto, Kithinji akaendelea kusoma. Mwanangu amesoma na hana kazi. Anakaa kwenye ubao kando ya bucha. Jiwe la kushoto halijakaa sawa. Ataanguka.

Spika alikuwa amekaa kushoto. Aliinama akatazama jiwe, akalisukuma kidogo kwa kiatu. Likacheza. Akasimama.

— Lakini Aprili, hii benchi haikuwepo, Kilo akasema, sauti imeshuka.

— Haikuwepo.

Ndipo tisheti ya machungwa ikatoka kwenye ukungu. Msichana, faili kifuani, doa la wino begani. Akamsalimu Kibibi kwa salaam, akawaamkia wazee.

— Naitwa Jamilah, nilikuwa kwa ile training. Tunatembelea kila mama mara moja, tuone biashara inaendelea aje. Nimebakisha Kinya peke yake. Aliniambia nitampata mwanawe kwa hii benchi.

Akawaangalia, mmoja baada ya mwingine, akitabasamu kwa adabu.

— Kwani mama anakaa wapi siku hizi?

Kibibi aliinua birika ammiminie. Yakatoka matone mawili, kahawa ikaisha.

Kithinji naye akasimama.

— Mkubwa wenu ni nani?

— Project manager. Ako Meru, hotelini.

— Mpigie. Weka loudspeaker.

Simu ikalia, ikashikwa, na Kithinji hakungoja salamu.

— Naitwa Kithinji, BCom, yule mliambia nafasi za kujitolea zimejaa. Sitaki kazi yenu. Sitaki pole yenu. Kesho saa tatu mfungue huo ukumbi, mpange viti vile vilikuwa, muite register upya, jina kwa jina, na mimi niwe nimekaa nyuma karibu na mlango. Mkifika kwa Kinya, ambieni kila mtu afunge mdomo. Mtu yeyote asimwitikie. Mngoje, mngoje vizuri, mpaka aitike mwenyewe.