Nililia Sukari, Wakasema ni Pepo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikeni kwa nguvu, maana ilikuwa nusura leo mnitaje kama marehemu! Lakini nimesimama mbele yenu, mimi Mama Kadzo, mzaliwa wa hapa hapa Jilore, na nimekuja kuwaeleza jinsi Mungu alivyonitoa katika mauti kwa kikombe cha maji ya sukari. Ndiyo, sukari! Najua wengine mmeshaanza kunong'onezana. Tulieni, nitaeleza polepole, na atakayeachwa njiani aninyoshee mkono.

Mwanzoni mwa miaka hii ya themanini, Baba Kadzo alipata kazi ya kutunza bustani ya hoteli moja huko Malindi. Tukapanga chumba Shella, kwenye nyumba ya ua mmoja na jirani yetu Bi Zuhura, mama wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka visiwa vya kaskazini. Alikuwa akipika vitumbua vya kuuza, na sauti yake ilitangulia harufu ya vitumbua. Mimi nilikuwa na Kigiriama changu na Kiswahili cha sokoni, cha kusalimia na kuuliza bei ya dagaa. Kusoma sikujua, hata jina langu.

Kisha nikaanza kukonda. Kiu ikanishika, ndugu zangu, kiu ya ajabu! Nikinywa maji nakwenda haja, nikirudi nataka tena. Hospitalini wakanipima, wakasema nina ugonjwa wa sukari na nitakuwa nikijidunga sindano mwenyewe nyumbani.

Sista aliyenihudumia alikuwa mtu wa bara, mwema kabisa, lakini foleni yake ilifika nje. Alinieleza mengi, na Kiswahili chake kilikwenda mbio. Kila alipouliza, "Umeelewa, mama?" nilijibu, "Ndiyo, sista." Nanyi mnajua kwa nini. Sisi tulilelewa hivyo. Mkubwa akikufundisha, ukimwambia hujaelewa ni kama umemwambia hajui kufundisha. Kwa hiyo ndiyo, ndiyo, ndiyo! Akanipa na karatasi ya maelezo, ambayo kwangu ilikuwa michirizi tu.

Nilitoka pale na mambo mawili kichwani. La kwanza, sindano kila asubuhi, isikosekane hata kuwe na nini. La pili, sukari kwangu ni sumu. Mengine yote, na hasa habari za chakula, yalinipita.

Hayo mawili niliyashika, tena kwa bidii! Sindano yangu ya kioo niliichemsha kwenye sufuria. Dawa niliitunza ndani ya mtungi mdogo uliozungushiwa mchanga wenye maji, ipate ubaridi. Mwili ukaanza kurudi. Ndipo kikundi chetu cha maombi kikakubaliana kufunga siku moja kwa ajili yangu, ili Bwana aniondolee ugonjwa huu kabisa. Hebu niambieni, nani atakula huku wenzake wanashinda na njaa kwa ajili yake? Asubuhi nikajidunga kama nilivyoagizwa. Kisha nikafunga.

Wenzangu walikuja uani kwetu alasiri. Tulikuwa tunaimba wakati jasho liliponitoka, jasho la baridi, kanga ikaloa. Mikono ikaanza kutetemeka, midomo ikafa ganzi. Hasira ikanijia nisijue imetoka wapi, nikamsukuma dada aliyekaa karibu nami. Na mwili wangu wote ukataka kitu kimoja tu. Nikalia kama mtoto, "Nipeni sukari! Nipeni asali! Nipeni!"

Sasa hapa, wazee wa Jilore, nyinyi mnaelewa kuliko wengine. Mnamkumbuka hawe yangu, mama mzaa mama, na yule pepo wake. Alipopandwa alitetemeka, akalowa jasho, akasukuma watu. Na pepo alikuwa akidai nini? Asali na muwa! Watu wa ngoma wakamtandikia chano cha vitamu mpaka atulie. Kiongozi wetu wa maombi, Mzee Katana, alikulia boma la jirani na aliyaona hayo kwa macho yake. Aliposikia nalilia asali, alisimama wima.

"Ni yule yule wa bibi yake!" akasema. "Asipewe kitu! Tukimpa sukari tumemtandikia chano!"

"Hata hospitali wameikataza," akaongeza Baba Kadzo.

Mnaona, ndugu zangu, jinsi nilivyofungiwa? Kanisa limekataa, hospitali imekataa, na mimi nakufa katikati ya watu wanaonipenda! Wala simlaumu mtu. Waliomba kwa machozi, na mapenzi yao niliyaona. Nilitaka kuwaambia kwamba tumbo langu limeungana na mgongo, lakini ulimi ulikuwa mzito, na nyuso zao zikawa zinaniponyoka, zinakuja na kutoweka.

Bi Zuhura alisikia kelele kutoka jikoni kwake. Alipiga hodi huku ameshaingia. Akanishika shingo.

"Huyu kalowa chapachapa! Kala nini leo?"

"Amefunga," akajibiwa.

"Na sindano je?"

"Sindano amedunga," akasema mume wangu.

"Ya Rabi! Leteni sukari, upesi!"

Mzee Katana akasimama mbele ya mlango wa chumba chetu. "Bi Zuhura, kwa heshima zote, haya ni mambo ya kiroho. Anayeomba sukari si yeye. Ni pepo."

"Basi na apewe huyo pepo, Mzee Katana! Huyu akishapona, pepo wenu mtamtoa kesho, hatakimbia! Marehemu dada yangu alikuwa na maradhi haya haya. Akidunga asile, jasho lilimtoka hivi hivi. Mwili umeishiwa, jamani! Mnamwombea au mnamzika?"

Baba Kadzo akamtazama Mzee, akamtazama Bi Zuhura, kisha akanitazama mimi. Akampita Mzee Katana mlangoni, akatoka na mkebe wa sukari.

"Meza mate, mwanangu, nione," Bi Zuhura akaniambia. Nikameza. Hilo mlishike, ndugu zangu: mtu asiyeweza kumeza hamiminiwi kitu kinywani, anakimbizwa hospitali! Mimi niliweza. Akakoroga sukari nyingi kwenye maji, akaninywesha kidogo kidogo. Na jamani, kikombe hakijaisha, nyuso zikarudi mahali pake! Nikauliza, "Mbona mmenizunguka hivi, kuna msiba?"

Walicheka huku wanalia. Mzee Katana akakaa chini, palepale kizingitini. "Bi Zuhura," akasema, "kumbe muda wote huu nimekuwa nakemea njaa!"

"Kemea, Mzee," akajibu, "lakini mlishe kwanza." Akaenda kuniletea wali.

Kesho yake Bi Zuhura akafuatana nami hospitalini. Akamwambia yule sista, "Huyu ukimuuliza kama ameelewa, atakuitikia ndiyo mpaka kaburini. Usimuulize. Mwambie akuonyeshe."

Sista alicheka, kisha akasikiliza yaliyonipata, na kicheko kikaisha. Akavuta kiti, akakaa karibu nami. Alisema neno moja moja, Bi Zuhura akaliweka kwa Kiswahili chetu cha pwani, na pale lilipokwama, mama mmoja kwenye foleni akalisukuma kwa Kigiriama. Sista akaniambia, "Sindano ni moto, chakula ni maji chunguni. Ukiwasha moto chini ya chungu kitupu, kitakuwaje?"

"Kitapasuka!" nikasema.

"Basi jana ulikuwa chungu." Kisha akanikabidhi sindano. "Sasa mimi ni mgonjwa, wewe ni sista. Nifundishe."

Nilimfundisha! Nilikosea, tukacheka, nikarudia. Akafunga uzi mwekundu kwenye sindano yangu pale dawa inapotakiwa kuishia, ili macho yangu yasiyojua namba yaweze kuona. Akaniambia nitembee na sukari kidogo kwenye pindo la kanga, nikianza kutetemeka niilambe upesi, halafu nile chakula. Mimi niliyeshika kwamba sukari ni sumu, siku hiyo nikajua pia ni lini inakuwa uhai.

Ndugu zangu, asiwadanganye mtu kwamba nimeacha sindano. Nadunga hata leo, na kila asubuhi namshukuru Mungu kwa dawa ile. Alinijibu maombi kupitia jirani anayesali mahali pengine, na jina lake nalitaja mbele za Bwana kila siku. Na Mzee Katana, yule pale anatabasamu, siku hizi akiitwa kwa mgonjwa anayetetemeka huuliza kwanza, "Anadunga sindano? Amekula?" Kisha ndipo anapiga magoti.

Kuna mama hapa kanisani ameanza sindano juzi. Sitakutaja. Najua unaitikia ndiyo, maana nimeona macho yako. Mama, mtumaini Bwana, na usiione aibu! Tukitoka nitakaa kwenye baraza ya kanisa. Njoo na sindano yako, njoo na atakayekupikia. Tutasema Kigiriama mpaka neno la mwisho, na wewe ndiwe utakayenifundisha mimi. Ukikosea, tutacheka, tutarudia.

Atukuzwe Mungu aliyeniacha hai nikaja kusema haya! Mchungaji, tafadhali, maombi ya kufunga yawe mafupi. Saa yangu ya kula imefika!