Ithel Pugh, Beki Aliyehesabu Mipira ya Kichwa

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda mlima huu kwenye mvua kuja kanisani Bethania leo, hivi ndivyo alivyoishi mtu tunayemsindikiza.

Ithel Pugh alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1941, katika safu ya juu ya nyumba za Blaenau Ffestiniog, mji wetu huu wa kaskazini mwa Wales. Alikuwa mtoto wa pili wa Hywel Pugh, mpasuaji wa mawe ya kuezekea, na mkewe Annie Jane. Dada yake Olwen, aliyemtangulia kwa miaka mitatu na ambaye amekaa nasi kwenye benchi la mbele, anasema mdogo wake alianza kuuliza maswali kabla ya kujua kufunga viatu. Mchungaji alipowatembelea siku moja, Ithel, akiwa na miaka mitano, alitaka kujua kama Mungu huchoka watu wakimwomba kwa Kiwelshi na Kiingereza kwa wakati mmoja. Mchungaji alifikiri kidogo, kisha akaomba aongezewe chai.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini, na kila Jumapili alihudhuria shule ya kanisa, ambako kila mtoto alitakiwa kusimama na kusema mstari mmoja wa Biblia. Ithel alisema mstari ule ule mfupi kuliko yote kwa wiki sita. Alipoitwa aeleze, alijibu kwamba alikuwa akichunguza itachukua muda gani kabla ya mtu mzima yeyote kugundua. Mwalimu wake wa sekondari alimtaka aendelee na sayansi, lakini nyumbani palihitajika mikono, na mwaka 1956, akiwa na miaka kumi na tano, akaingia machimboni pamoja na baba yake. Tusilipite jambo hili kimyakimya. Mji huu uliezeka nusu ya dunia kwa mawe yake, na bado ukashindwa kumweka kijana wake mwenye akili darasani.

Alipasua mawe miaka mitatu, na Jumamosi alicheza beki wa kati katika timu ya mji. Agosti 1959 alisajiliwa na Crossley Athletic, klabu ya Daraja la Tatu huko Lancashire. Aliichezea kwa miaka kumi na sita, mechi 503, akafunga mabao sita, na mawili zaidi katika lango lake mwenyewe, ambayo kila mara aliyajumlisha mtu alipomuuliza idadi. Kati ya mwaka 1966 na 1968 aliitwa mara nne katika timu ya taifa ya Wales. Kofia nne alizopewa kwa heshima hiyo, moja kwa kila mechi, bado ziko kwenye kabati, moja ikiwa imetobolewa na nondo.

Wakati ule mpira ulikuwa wa ngozi, na mvua ikinyesha ulikunywa maji hadi ukawa mzito kama mkate mbichi. Chini ya jukwaa la uwanja, kocha wa mazoezi, Bwana Harold Tranter, aliuning'iniza kwa mnyororo kutoka darini, na kila beki alitakiwa kuupiga kichwa mara mia kabla ya kupewa chai. Novemba 1961 Ithel aliokoa kona kwa kichwa, akacheza kipindi chote cha pili, kisha akamuuliza mwenzake nani ameshinda. Jumatatu alimwendea Bwana Tranter kumuuliza kama kichwa cha mtu kinaweza kuchakaa.

"Kichwa chako kimetoka machimboni, kijana," Tranter alimwambia, na chumba kizima kikacheka. "Jiwe halichakai."

"Nimepasua mawe miaka mitatu, bwana," Ithel akajibu. "Jiwe ukiligonga mahali pamoja, taratibu tu, linafunguka kama kitabu."

Tranter akamwita beki aliyefuata. Siku hiyo hiyo alinunua daftari, akaanza kuandika kwa vistari kila mpira alioupiga kwa kichwa, wa mechi na wa mazoezi. Hakuwa na hasira wala kinyongo na mtu. Alitaka kujua, na aliona kwamba asipohesabu yeye, hakuna atakayehesabu. Kipa wao, Verdun Bowen wa Llanelli, alipomkuta ameinama na kalamu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, alimuuliza kama anasali au anapiga hesabu.

"Yote mawili," Ithel alisema. "Nakuombea wewe, uliyepitishiwa mpira katikati ya miguu."

Alimpata mkewe, Nesta Wynne, binti wa mpasuaji mwingine wa mawe, mwaka 1963 kwenye mkutano wa nyimbo za kanisa hapa Bethania. Yeye alikuwa upande wa sauti nzito, Nesta upande wa sauti ya pili ya wanawake. Wakati wa chai alivuka ukumbi kwenda kumuuliza kwa nini wanawake wa sauti ya pili huimba wakitazama chini. Nesta alimjibu kuwa wanatafuta noti ambazo yeye na wenzake wameziangusha. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Julai 1965, wakajaliwa watoto wawili, Mererid na Gethin.

Kila kiangazi, ligi ikipumzika, walirudi Blaenau, na nyuma ya nyumba ya Nesta kulikuwa na kipande cha nyasi. Hapo Nesta alisimama na aproni yake, akamrushia mpira Ithel aupige kichwa, ili asirudi Crossley akiwa ameshuka kiwango na kupoteza nafasi yake. Majirani waliokuwa wadogo wakati ule wanakumbuka jinsi alivyokuwa akimtania: "Ruka basi, mume wangu, wewe si gunia la viazi." Mipira hiyo nayo Ithel aliiandika, na pembeni akaweka herufi N.

Mwaka 1975 klabu ilimwacha kwa barua ya mistari mitatu. Miaka kumi na sita ya kichwa cha mtu, mistari mitatu. Alirudi nyumbani, na kuanzia 1976 hadi 2004 alikuwa tarishi wa posta katika mashamba ya juu, akipanda kwa miguu pale gari liliposhindwa. Wengi wenu mlipokea kutoka mikononi mwake barua pamoja na swali. Alitaka kujua kwa nini kondoo wa bonde la Cwm Teigl hulala wakielekea upande mmoja. Alikuwa mzee wa kanisa hili kwa miaka ishirini na mbili, na hakuna mkutano wa wazee uliokwisha mapema akiwemo.

Mwaka 2014 Ithel alisimama kwenye lango la shamba alilolipelekea barua miaka ishirini na minane, akashindwa kujua arudi njia ipi. Baadaye birika likaanza kupatikana kabatini na viatu kwenye oveni. Mwaka 2017 alipelekwa kwa Dkt. Siwan Prosser, daktari wa ubongo kutoka Cardiff anayechunguza wachezaji wa zamani. Alipomuuliza kama aliwahi kupiga mipira mingi ya kichwa, Ithel alimtazama mkewe kama mtu aliyesubiri basi miaka hamsini na sita na sasa analiona linakunja kona. Wiki iliyofuata alimpelekea madaftari kumi na moja ndani ya bati la biskuti.

Daktari alimweleza kwamba jibu la hakika hupatikana baada ya kifo tu, kwa kuuchunguza ubongo wenyewe.

"Uchukueni," Ithel alisema. "Nimeuliza tangu mwaka sitini na moja."

Alisaini mwenyewe, mkono wake ukiwa bado imara. Lakini Dkt. Prosser alisema wazi kuwa siku ikifika hawatamgusa bila idhini ya Nesta, na Nesta alikataa. Alisema mumewe atazikwa mzima kama baba yake alivyozikwa. Watoto walimsihi, wajukuu wakabishana naye, mmoja wao kwa sauti ya juu kuliko ilivyofaa. Ni Ithel tu aliyemwelewa. Siku moja, katika saa zake chache za uwazi, alimshika mkono.

"Unaogopa nyasi zetu za nyuma, Nes?" alimuuliza.

Nesta alimvutia blanketi mabegani, na jambo hilo halikuzungumzwa tena kwa miaka mitano. Alimlisha, akamwogesha, akamwimbia sauti ya pili ya nyimbo ambazo sauti yake nzito Ithel bado aliikumbuka. Ithel alifariki nyumbani, asubuhi ya Jumamosi tarehe 3 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 82, mkewe na watoto wake wakiwa kando ya kitanda.

Kesho yake mchana Dkt. Prosser alikuja kutoa pole, na kwa sababu jambo hilo halingoji, kumuuliza Nesta kwa mara ya mwisho. Alikuwa amerudisha madaftari. Akiwa na kikombe cha chai na kipande cha mkate wa zabibu, alieleza kwamba yeye na mjukuu mmoja wa marehemu, anayesoma chuo kikuu, walikuwa wamehesabu kila kistari katika kurasa zote. Vilikuwa 21,640, na kati ya hivyo 2,300 vilikuwa na herufi N. Alisema kwa upole kwamba kwa beki aliyecheza miaka kumi na sita hiyo ni idadi ndogo kuliko alivyotarajia, na huenda ugonjwa ulikuja wenyewe tu, kama unavyowajia wazee wengi.

Hapo Nesta alikuwa amefunguliwa mlango. Angenyamaza, angemimina chai nyingine, na nyasi za nyuma ya nyumba zingekuwa nyasi tu. Aliomba apewe daftari la kwanza. Hakuwa amewahi kulifungua maishani. Alipitisha kidole kwenye mstari wa siku moja ya mazoezi, ya mipira mia, polepole, midomo ikitembea, akaishia kistari cha thelathini na tatu.

"Wewe ni mtu wa kusini, daktari, huna kosa," alisema. "Lakini huyu mjukuu wangu, na vitabu vyake vyote, hajui baba wa babu yake alihesabuje mawe."

Akainuka, akachukua sahani za keki, mbili katika mkono mmoja, moja katika mwingine, akaziweka mezani kwa pamoja. Kisha akachora kwa kidole kistari kimoja kwenye kitambaa cha meza. Ndivyo walivyohesabu wapasuaji wote wa mji huu, matatu kwa mshiko mmoja, kistari kimoja ukutani. Ndivyo Hywel alivyomfundisha mwanawe, na ndivyo baba yake Nesta alivyohesabu mpaka mapafu yalipomkatalia.

"Mara tatu," alisema. "Na yangu pia mara tatu."

Daktari na mjukuu, watu wawili wenye elimu, walikaa wakifanya hesabu upya. Ilikuwa mipira 64,920. Iliyotoka mikononi mwa Nesta ilikuwa 6,900. Mererid alianza kumwambia mama yake kwamba hakuna anayemlaumu, lakini Nesta alimkatiza na kuomba kalamu.

"Aliniuliza mimi pia, siku ile aliponishika mkono," alisema. "Leteni hiyo karatasi. Nikikataa sasa, nitakuwa Tranter wa pili."

Akasaini.

Kwa hiyo, marafiki, Ithel amelala hapa bila ubongo wake, na anayeona hilo ni aibu aulize kwanza ni nani aliyepaswa kuona aibu mwaka 1961. Klabu zilizoning'iniza mipira kwa minyororo zipo hadi leo, na baadhi ya wenzake Ithel wapo hadi leo, katika nyumba za wazee, wasiojua nani ameshinda. Hakuna aliyewahesabia. Majibu yatatoka baada ya miezi sita hivi. Nesta ameomba yasomwe humu Bethania, Jumapili, mbele ya watu hawa hawa, hata kama yatasema alichokuwa akikiogopa, na ameomba ayasome yeye.

Ithel ameacha mke wake wa ndoa ya miaka hamsini na nane, Nesta. Watoto wawili, Mererid na Gethin. Dada yake Olwen. Wajukuu wanne, Macsen, Heledd, Tegid na Lleucu. Na kitukuu mmoja, Mabli, mwenye miaka mitatu, ambaye leo asubuhi ameuliza mara nne babu amekwenda wapi na hatujaweza kumridhisha.

Pumzika kwa amani, Ithel. Kuuliza tutaendelea sisi.