Thadeus Mwakisha, Fundi Aliyefunika Zege

Marehemu Thadeus Mwakisha alizaliwa tarehe 4 Juni 1931 karibu na Wundanyi, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Alexander na Mama Loise. Alisoma hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1945 baba yake alipougua.

Mwaka 1949 aliteremka Voi na kujifunza uashi kwenye reli. Alipenda misingi kuliko kuta. Mwaka 1970 akawa nyapara wa waashi katika shamba la mkonge.

Alifunga ndoa na Jedidah tarehe 20 Desemba 1958. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Novemba 1973 alisimamia msingi wa injini kubwa, kina chake futi saba. Aliwafundisha wenzake: "Zege nene lina homa ndani. Nje likipoa ghafla, litapasuka." Kwa hiyo kokoto na maji vilikaa kivulini, zege likamwagwa alfajiri, tabaka juu ya tabaka, kisha likafunikwa magunia ya katani. Rafiki yake Wanjala alicheka: "Nyapara, hata jiwe unalitandikia kitanda?"

"Wewe cheka. Ila usilifunue."

Siku ya tatu, mchana, waashi wakila, mawingu yalikusanyika. Mke wa marehemu alikuwa ameanika mahindi nyumbani, chakula cha watoto hadi Machi. Alikimbia hadi kwenye msingi akachukua magunia ishirini akayafunike mahindi. Alidhani yaliwekwa kuzuia jua, na jua halikuwapo. Mvua ya baridi ikanyesha juu ya zege la moto. Jioni ufa ulikuwa umepita kutoka pembe hadi pembe.

Meneja alipouliza, marehemu alijibu, "Ni mimi. Sikufunika vizuri." Alivuliwa unyapara. Aliporudi nyumbani aliuliza neno moja tu:

"Mama Wakesho, mahindi yalilowa?"

"Hapana, Baba Wakesho."

"Basi."

Kwa miaka kumi na miwili wengi wenu mlimwita Fundi Ufa, naye akaitika. Mkewe alisikia akanyamaza. Aliogopa wangefukuzwa kwenye nyumba ya shamba, watoto wangali shuleni. Baadaye aliogopa macho ya watu tu.

Marehemu aliugua kifua kuanzia 1984. Mwezi uliopita mkewe alitaka kwenda kusema ukweli shambani. Marehemu alimshika mkono: "Meneja alishahama. Utamwambia nani?" Aliaga dunia Jumapili, 9 Machi 1986, asubuhi.

Mnaambiwa ninyi. Kazi ya Thadeus Mwakisha haikuwa na kosa. Jedidah ndiye aliyelifunua zege, na anasikitika kwamba mwenyewe hayupo kusikia neno hili likisemwa.

Ameacha mjane Jedidah, watoto Wakesho, Gibson na Silvanus, na wajukuu wanne. Zege la kaburi lake litamwagwa kesho alfajiri. Wanjala ameleta magunia, na mjane atakaa hapo kuyalinda.

Lala kwa amani, Baba Wakesho. Safari hii hakuna atakayeyagusa.